Prado ya petroli: CNG ya Dar, LPG ya Nairobi, au uiache ilivyo?

Shemeji yangu anaishi Nairobi, ana Prado V6 ya lita 4. Mi niko Dar, Goba, na Prado ya 2.7. Zote petroli. Mwaka jana yangu niliifunga gesi asilia, yaani CNG, na tangu hapo shemeji kila mwisho wa mwezi akitoka kujaza mafuta ananipigia, "wewe mwezi huu umetumia ngapi?", nikimtajia anakaa kimya kidogo halafu anauliza tena, na mimi nikifunga LPG huku kwetu si nitapata hivyo hivyo? Hatapata hivyo hivyo. Lakini haina maana kwamba asifunge, ndo maana nimekaa chini nikapiga hesabu za gari zote mbili nikaziweka pamoja, maana naona watu wengi wenye fowili (gari za 4WD) za petroli wako njia panda kama yeye na wanachoulizia ni bei ya kufunga tu, wakati bei ya kufunga ndo kitu chepesi kuliko vyote kwenye hii habari.

Kwanza tusichanganye hizi gesi, kwa sababu hata mafundi wengine wanasema tu "gesi" na mteja anaitikia.

LPG ni hii hii ya jikoni. Inakaa kwenye tenki ikiwa kimiminika, presha yake ndogo, kama ba (kipimo cha presha) 6 hadi 10 hivi, na unauziwa kwa lita. Huku kwetu Afrika Mashariki inakuja kwa meli, Kenya inashukia Mombasa, Tanzania inashukia Dar na Tanga, kwa hiyo bei yake inapanda na kushuka na soko la dunia, na dola, na kodi ya serikali. Kenya wenyewe mnajua: VAT ilitolewa 2016, ikarudi asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa 8 Julai 2022, ikaondolewa tena 2023. Mtu anayefunga leo akae akijua hilo.

CNG ni gesi asilia iliyoshindiliwa kwenye mtungi mpaka ba 200. Haiwi kimiminika, inabaki hewa, unauziwa kwa kilo. Ya kwetu inatoka ardhini hapa hapa, Songo Songo kule Kilwa ambako iligunduliwa 1974, na Mnazi Bay Mtwara, inakuja Dar kwa bomba. Haipandi meli hata siku moja, na hapo ndipo tofauti yote ya bei inapoanzia.

Sasa hesabu. Bei nazoweka ni za kufanyia mfano, wewe toa zangu weka za mwezi wako, EWURA, wadhibiti wa nishati wa Tanzania, wanatangaza bei ya petroli kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na EPRA, wenzao wa Kenya, wanatangaza tarehe 14, njia ya kukokotoa haibadiliki.

Ya kwangu, Dar. Petroli tuchukulie 2,800 kwa lita. Prado 2.7 kwenye foleni zetu inanipa kilomita 7 kwa lita, kwa hiyo kilomita moja ni shilingi 400. CNG tuchukulie 1,550 kwa kilo, na kilo moja inafanya kazi ya petroli kama lita 1.4, maana yake napata kilomita 10 hivi kwa kilo, kilomita moja shilingi 155. Ila usikimbilie kutoa 155 kwenye 400 ukafurahi, gari inawaka na petroli kwanza, maji yakishapata moto ndo inahamia gesi yenyewe, kwa hiyo kuna petroli kidogo inaliwa kila asubuhi, mi nimeiweka asilimia 8. Ukichanganya inakuja kama shilingi 175 kwa kilomita. Naokoa 225 kila kilomita.

Mi natembea kama kilomita 50 kwa siku, Goba kwenda mjini na kurudi na mizunguko, kwa mwezi 1,250. Mara 225 ni kama 280,000 kwa mwezi. Mfumo wa silinda nne na mtungi wa kilo 15 tuuweke milioni 2.8. Miezi 10 hela imerudi.

Ya shemeji, Nairobi. Petroli tuchukulie shilingi 180 za Kenya, V6 yake inakunywa lita moja kwa kilomita 5 mjini, kilomita moja ni 36. LPG lita moja ina nguvu ndogo kuliko lita ya petroli, gari itakula lita nyingi zaidi kwa asilimia 20 mpaka 25, kwa hiyo kilomita 5 zinashuka kuwa 4.1. Akiipata LPG kwa 115 kwa lita, kilomita moja ni 28. Asubuhi za Nairobi zina baridi, injini inachelewa kupata moto, petroli ya kuwashia tuiweke asilimia 10, jumla inakuja 28.8. Anaokoa shilingi 7.2 kila kilomita. Mfumo wa silinda sita tuuweke 110,000, anatembea kilomita 1,000 kwa mwezi, hela inarudi baada ya miezi 15.

Kwa hiyo kwa asilimia mimi naokoa zaidi ya nusu ya hela ya mafuta, yeye anaokoa asilimia 20. Hapo ndo anapokaa kimya kwenye simu.

Na kuna hili ambalo nilimwambia aliangalie kuliko yote. Kwangu CNG ikipanda shilingi 200 kwa kilo bado naokoa vizuri tu, hesabu haitikisiki sana. Kwake LPG ikitoka 115 ikafika 130 na petroli ikabaki pale pale, kile anachookoa kinashuka kutoka 7.2 hadi 3.9 kwa kilomita, miezi 15 inakuwa 28. Ikifika 147 hapati kitu kabisa, anakuwa amebeba tenki bure. Kanuni nyepesi ya LPG ni hii: chukua bei ya petroli zidisha mara 0.8, LPG ikiwa juu ya hapo achana nayo, ikiwa karibu na hapo achana nayo pia, inaanza kuwa na maana ikishuka kwenye 0.65 au chini yake. Yeye kwa sasa yuko 0.64. Yaani yuko ukingoni.

Kuna watu wa Dar wananiuliza kwa nini sikufunga LPG na mimi, mbona tenki lake ni jepesi. Fanya hesabu kwa gesi ya jikoni: mtungi wa kilo 15 ukiwa elfu 55, kilo ni kama 3,670, na lita moja ya LPG ni kama kilo 0.54, kwa hiyo lita inakuja karibu 2,000. Prado yangu ingeenda kilomita 5.7 kwa lita hiyo, shilingi 350 kwa kilomita. Naokoa 50. Milioni mbili na nusu za kufunga kurudi kwa shilingi hamsini hamsini ni kilomita 50,000, tena hapo sijahesabu ile petroli ya asubuhi. Na naomba sana, tena sana, mtu asije akashawishiwa kwamba atafunga halafu awe anajaza gari kwa mtungi wa jikoni nyumbani kwake. Tenki la gari lina valvu inayokata ikifika asilimia 80 ili gesi ipate nafasi ya kutanuka kwenye joto, na LPG ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, inajaza shimo, inajaza mfereji, inasubiri cheche. Watoto wako wanacheza hapo hapo uani.

Hapo tumemaliza hela za barabarani, tuje kwenye gari yenyewe maana fowili sio IST.

Mtungi wa CNG ni chuma kinene kwa sababu ya zile ba 200. Wangu wa kilo 15 ukiwa mtupu una karibu kilo 90, ni kama mtu mzima amelala kwenye buti siku zote. Siti za nyuma kabisa nilizitoa. Kama familia yako ni watu saba na Prado uliinunua kwa ajili ya zile siti, basi jua unauza siti kununua gesi. Springi za nyuma nazo zimelala kidogo, ukipakia mizigo ya kwenda nyumbani unaiona gari imekaa chini nyuma. Tenki la LPG ni jepesi zaidi na kuna yale ya mviringo kama tairi, yanaingia pale inapokaa spea. Kwa Prado zenye spea mlangoni, chini ya sakafu nyuma panaweza kupatikana nafasi na buti likabaki zima, hapo LPG inaishinda CNG bila ubishi. Ila tenki la chini kwenye gari ya porini linahitaji bati la kukinga mawe, na liangaliwe lisining'inie chini kuliko difu, vinginevyo siku unashuka kwenye korongo ndo linagusa la kwanza.

Safari ndefu ndo mahali CNG inaniangusha na sitaki kuficha. Kwenye lami napata kilomita 12 na kitu kwa kilo, mtungi ukijaa nafika 190 basi. Nikienda Moshi, kama kilomita 560, gesi inaisha sijafika Segera, safari iliyobaki yote ni petroli huku nimebeba chuma cha kilo 90. Petroli tupu Moshi ingekuwa 174,000, gesi inanipunguzia kama 35,000 tu. Vituo vya CNG vingi viko Dar na jirani yake, huko mikoani usivitegemee. LPG ina afadhali kwenye umbali, tenki la lita 65 linajazwa lita 52, V6 kwenye lami inaweza kwenda zaidi ya kilomita 300, lakini na yeye akitoka Nairobi kwenda Mombasa hafiki kwa tenki moja, itabidi amalizie na petroli.

Nguvu. CNG inapunguza kwa asilimia 10 mpaka 15, unaisikia, ukipanda kilima kikali na mzigo gari inakuwa nzito, mi hapo nabonyeza swichi narudi petroli mpaka nimalize kilima. LPG inapunguza kidogo sana, asilimia 5 hata haifiki kama mfumo umepangwa vizuri, na kwa Nairobi ambako hewa ni nyepesi tayari na injini imeshapoteza nguvu kwa sababu ya mwinuko, hiyo ni pointi kwa LPG.

Foleni ya kujaza je. Mtungi wangu unakaa siku tatu, kwa hiyo kwa mwezi najaza mara nane. Zamani ilikuwa Ubungo Maziwa foleni imezunguka, bajaji kwa mamia, unakaa masaa. Sasa vituo vimeongezeka, na mi naenda alfajiri au usiku, tuseme wastani dakika 40. Masaa matano na kidogo kwa mwezi kwa ajili ya 280,000, yaani kila saa nikikaa pale ni kama nalipwa elfu 50. Kwangu inalipa. Kwa mtu mwenye duka ambalo akiondoka linafungwa, huenda hailipi, na hakuna atakayekuhesabia hiyo ila wewe. LPG inajazwa haraka kama petroli tu, dakika chache umeondoka, ila angalia kwanza kituo kiko upande gani wa safari zako, ukizunguka kilomita 15 kukifuata umeshaila ile faida.

Injini. Hapa kuna watu wanaumia kwa kutouliza. Kama gari yako mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, zile Toyota zenye D-4, mfano RAV4 za Japani zenye injini ya 1AZ-FSE, usikubali mfumo wa kawaida. Nozeli zake zinapoozwa na petroli inayopita, ukizizimia petroli zinaungua, na mfumo maalumu wa injini hizo ni ghali na bado unaendelea kula petroli kidogo muda wote, hesabu yote hapo juu inavunjika. Kama ni dizeli hii makala sio yako. Prado za petroli za kawaida, zenye injini za 3RZ, 2TR, 5VZ, 1GR, hizo zinafungika.

Gesi zote mbili zinawaka kavu, hazina kile kilainisho kidogo cha petroli, kwa hiyo valvu za ekzosi na viti vyake vinachakaa haraka kidogo, hasa ukikimbiza gari kwa spidi kubwa muda mrefu kwenye gesi. Injini kama 3RZ zinazopimwa valvu kwa shimu, yaani vibati vidogo vya kurekebisha nafasi ya valvu, mwambie fundi apime kila baada ya kilomita elfu 40 hivi, ukisubiri mpaka gari ianze kukosa asubuhi umechelewa, utashusha silinda hedi. Plagi badilisha mapema kuliko ulivyozoea, koili mbovu iliyokuwa inavumiliwa kwenye petroli kwenye gesi haivumiliwi. Filta za gesi nazo zibadilishwe. Mi nimetenga 20,000 kila mwezi kwa ajili ya haya, ukiitoa kwenye 280,000 miezi 10 inasogea kuwa 11.

Na petroli usiiache ikauke kabisa! Watu wakishazoea gesi wanatembea na taa ya mafuta inawaka wiki nzima, pampu iko ndani ya tenki, inazunguka hata ukiwa kwenye gesi na inapoozwa na ile petroli, ikizunguka kavu inakufa. Robo tenki siku zote, na kila siku endesha kilomita kadhaa kwa petroli ili nozeli zisigande.

Kufunga kwenyewe nimejifunza kwa maumivu. Gereji ya kwanza niliyoenda waliniwekea regyuleta, kile kifaa cha kushusha presha ya gesi, chini karibu na tairi la mbele kwa sababu bomba la maji lilikuwa fupi na ndo pakawa rahisi. Mvua za Aprili nikapita dimbwi, sio hata mto, dimbwi la barabara ya mtaani, gari ikakata gesi ikawasha taa ya injini, kufungua tunakuta soketi za umeme zimejaa tope. Kurudi wanasema ni kwa sababu nimepita kwenye maji. Jamani, fowili! Nikalipa fundi mwingine 180,000 akahamishia juu karibu na eya klina, tangu hapo sijapata shida. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, wakuoneshe kwa kidole regyuleta itakaa wapi, kontroli boksi itakaa wapi, bomba litapita wapi chini ya chesisi. Vyote vikae juu ya mstari wa maji, bomba libanwe imara njia nzima maana mitikisiko ya barabara ya vumbi inalegeza nati, na baada ya kilomita 1,000 za kwanza rudi wakaze na wapime uvujaji kwa povu la sabuni.

Usikubali mfumo wa bei chee ule wa kuchanganya gesi kwenye njia ya hewa kama bomba tu. Unapiga mlipuko kwenye manifoldi, unapasua boksi la eya klina na unaua sensa ya hewa. Chukua ule wa kupuliza gesi silinda kwa silinda, wenye nozeli zake na kompyuta yake. Na mtungi usome mwenyewe, wa CNG uwe umeandikwa alama ya kiwango R110, tenki la LPG R67, na mwaka wa kutengenezwa uwe unasomeka, wa CNG uwe na mwaka wa kuisha muda pia. Mtungi uliofutwafutwa maandishi na kupakwa rangi mpya, ondoka hapo hata wakikupunguzia laki tano. Dar ukitaka mahali pa kuuliza bila haraka ya kuuziwa, DIT, ile taasisi ya teknolojia ya Dar, wanafanya hii kazi na wanafundisha. Halafu iambie kampuni yako ya bima kwa maandishi, ikitokea ajali isije ikawa kisingizio.

Nani afunge basi? Mwenye fowili ya petroli anayeishi Dar na anaitembeza kilomita elfu moja kwenda juu kwa mwezi ndani ya jiji, afunge CNG, sioni cha kumzuia, na injini ikiwa mlevi zaidi ndo inarudisha haraka zaidi. Mwenye Prado ya wikiendi, kilomita 400 kwa mwezi, ataokoa 90,000, miaka miwili na nusu bado anadai, na siti kapoteza, huyo aiache ilivyo. Anayeishi mkoani ambako hakuna kituo asiguse. Anayepanga kuiuza ndani ya mwaka asiguse pia, wanunuzi wa Prado wengi wakiona mtungi nyuma wanashusha bei.

Nairobi ni ngumu zaidi kuamua. Kama ningekuwa shemeji na natembea chini ya kilomita 1,000 kwa mwezi nisingefunga. Kwa 1,000 kamili ni kubahatisha na bei ya LPG. Kwa 1,800 na kuendelea, mfano mtu anayeishi Kitengela anafanya kazi Westlands, ningefunga, ila ningechukua tenki la chini ya sakafu ili hata bei ikiniharibikia nibaki na buti langu na siti za watoto.

Juzi kanipigia akaniambia amehesabu kilomita zake vizuri kwa mwezi mzima, kaandika kwenye daftari kila siku. Sio 1,000 kama alivyokuwa anasema. Ni 1,340. Hapo hela inarudi kwa miezi 11 na kitu kama LPG itabaki 115. Kasema atasubiri tangazo la tarehe 14 aone petroli imekaaje, halafu Jumamosi inayofuata anaenda gereji kuonesha regyuleta ikae wapi, na nitakuwa naye kwenye simu ya video.